Mbio za Ridhaa: Ridhaa ya Nani?

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



"Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Bila shaka maneno hayo mmeyazoea. Huyasikia abiria wa meli iliyochelewa, huyasoma mstaafu aliyeambiwa arudi mwezi ujao, na Jumapili iliyopita waliyasikia kwa kipaza sauti watu zaidi ya 200, vijana kwa wazee, wanawake kwa wanaume, waliokuwa wamejipanga na baiskeli zao katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Walikuwa wakisubiri mbio za barabarani za kilomita 120 zilizotangazwa kuanza saa 1 asubuhi. Tangazo la kuahirishwa lilitoka saa 4, jua limeshapanda, na wengine wamekwisha kunywa maji yote waliyobeba.

Mji wenyewe sitautaja, wala kamati yake ya maandalizi. Nikiwataja hao peke yao nitakuwa nimewaonea, maana kamati za namna hiyo tunazo tele, na wengine wanaonisikiliza sasa hivi ni wajumbe wake.

Sababu hizo zilizokuwa nje ya uwezo wao zilikuwa zipi? Mbio zilipangwa kupita barabara kuu, ile inayopitisha mabasi ya masafa marefu na malori ya mizigo. Kamati iliandika barua polisi kuomba kibali. Ilijibiwa kwamba ilete kwanza ramani ya njia, idadi ya wasimamizi na mahali watakaposimama. Ramani haikupelekwa. Asubuhi ile alifika askari mmoja wa usalama barabarani, akauliza mambo matatu tu. Nani atasimama kwenye njia panda? Gari la wagonjwa liko wapi? Na pale kilomita ya 34, kwenye mnada wa ng'ombe ambao huwa kila Jumapili, mifugo na baiskeli vitapishanaje?

Hakupata jibu hata moja. Gari la wagonjwa lilikuwa moja, la kuazima, na alfajiri lilikuwa limempeleka mama mjamzito hospitali, kama ilivyopasa. Wasimamizi wa njia walikuwa vijana sita waliopewa fulana lakini hawakuelezwa waende wapi. Vilivyokuwa tayari tangu jana yake ni hema, viti vilivyovishwa vitambaa, spika mbili kubwa na meza ya mgeni rasmi yenye maua ya plastiki. Mgeni rasmi mwenyewe, ambaye ndiye aliyengojewa kushusha bendera, alikuwa hajafika.

Askari akasema mbio haziondoki. Watu wakamzomea. Walimwita adui wa michezo, na wako waliodai kwamba anataka chochote.

Mimi nasema, ndugu msikilizaji, kwamba katika watu wote waliokuwa pale, yule askari ndiye aliyekuwa amefikiria barabara. Wengine walikuwa wamefikiria sherehe. Kuahirisha kulikuwa uamuzi wa maana, pengine ndio pekee uliofanyika katika shughuli nzima. Ubaya wake ni kwamba ulikuja siku kumi baada ya wakati wake, na ulifanywa na mtu wa nje ya kamati.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nilipomuuliza mmoja wa waandaaji, alinijibu kwa upole kabisa: "Mzee, hizi ni mbio za ridhaa tu. Si za watu wa kulipwa." Maana yake ni kwamba tusiwadai mengi. Hii ndiyo hoja ninayoisikia kila mara, iwe kwenye mpira, ngumi au riadha: kwamba ya ridhaa ni ya kujaribu-jaribu, ikiharibika hakuna lawama.

Kwa upande wa baiskeli, ukweli ni kinyume chake. Mbio za ridhaa zinataka maandalizi makubwa kuliko za kulipwa. Hesabu yenyewe haihitaji profesa.

Waendeshaji wa kulipwa, wanaokwenda Ufaransa na Italia, wana nguvu zinazokaribiana na baiskeli zinazofanana. Sehemu kubwa ya safari huenda kama kundi moja, na nyuma yao kuna magari ya timu yenye fundi, magurudumu ya akiba, maji na daktari. Ukianguka, kwa kawaida hufikiwa haraka. Sasa tazama mstari wetu wa Jumapili. Mbele kuna vijana wachache wenye baiskeli za mashindano zisizofika kilo 10. Nyuma yao kuna Phoenix, baiskeli ya kazi ya kilo 20 hivi, haina gia, breki zake ni za vyuma, na juzi tu ilikuwa ikibeba mkaa. Kuna wale vijana wa Shinyanga wanaobeba abiria kwenye keria, ambao wenyewe huita baiskeli zao daladala. Kuna mwalimu wa miaka 50 aliyetaka kufanya mazoezi. Wote wameanza saa moja, barabara moja.

Tuseme wa mbele anakwenda kilomita 40 kwa saa na wa nyuma 25, na huyo wa nyuma tunamheshimu, kwa Phoenix si mchezo. Baada ya saa mbili wa mbele yuko kilomita ya 80 na wa nyuma yuko ya 50. Msafara wenu sasa una urefu wa kilomita 30. Wa mbele anapovuka utepe baada ya saa tatu, wa nyuma bado ana kilomita 45, karibu saa mbili nyingine. Kamati ilikuwa na pikipiki moja ya polisi iliyoahidiwa na gari moja la wagonjwa, na vyote, kama kawaida yetu, vingemfuata anayeongoza, kwa sababu huko ndiko iliko kamera. Hao wengine waliosambaa kilomita 30 pamoja na mabasi, wangekuwa mikononi mwa nani?

Halafu ongeza kuchelewa. Wangeondoka saa 1, huyo wa nyuma angefika kabla ya saa 6 mchana. Wakiondoka saa 4, anafika karibu saa 9, naye amepita barabarani jua la saa 7 na la saa 8. Mtu anayekanyaga baiskeli katika joto anahitaji maji ya nusu lita kila saa, na mara nyingi zaidi ya hapo. Watu 200 kwa saa karibu tano, kwa kipimo hicho cha chini, ni lita 500. Katoni za maji nilizoziona zilikuwa chini ya meza ya mgeni rasmi, na sikuona gari lililopangiwa kuyasambaza. Kwa hiyo waliosema "bora wangeruhusiwa tu waondoke hata saa 4" hawakujua walichokuwa wakiomba.

Nisidhaniwe kwamba natisha watu bure. Barabarani hata wakubwa wa mchezo huu hufa. Mkenya Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji hodari waliotoka Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Tarehe 26 Septemba 2024, katika mashindano ya dunia mjini Zurich, binti wa Uswisi wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka kwenye njia ya msituni mvua ikinyesha. Mashindano ya dunia hayo, yenye magari, waamuzi na fedha za kila namna. Hata hivyo ulipita muda mrefu kabla hajagunduliwa kwamba hayupo, na kesho yake alifariki. Mwaka uliofuata, mashindano hayo yalipofanyika Kigali, waendeshaji walifungiwa vifaa vya kuonyesha mahali walipo.

Sisi vifaa hivyo hatuna, wala siidai kamati ya mji mdogo iwe navyo. Lakini kuhesabu watu tunajua. Mweke mtu mmoja kila kilomita 20, mpe daftari la shule na kalamu, aandike kila namba inayopita. Anayeacha mbio avue namba yake, airudishe kwa mtu wa daftari. Nyuma ya wote lipite gari moja, hata pikapu, likusanye waliochoka na wenye pancha, na lisifunge safari mpaka hesabu ya madaftari imelingana. Gharama yake haifiki bei ya yale maua ya plastiki. Jumapili ile hapakuwa na daftari hata moja. Orodha ya waliojiandikisha yenyewe ilikuwa kwenye simu ya katibu, na simu ilikuwa imezima chaji.

Nije kwenye mnada. Kamati ililalamika kwamba wafugaji "hawakutoa ushirikiano". Nikauliza, waliombwa lini? Hawakuwahi kuombwa. Mnada ule ni wa miaka mingi kuliko umri wa katibu, na mtu aliyeswaga ng'ombe usiku kucha hawezi kuambiwa asubuhi asubiri baiskeli zipite. Kule Scotland, mwezi Mei 2009, mbio za ridhaa ziitwazo Etape Caledonia zilisimamishwa kwa muda wa kama saa moja na nusu baada ya misumari kumwagwa barabarani, na baiskeli nyingi zikatoboka mipira. Siku ile barabara zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya mbio, jambo ambalo baadhi ya wenyeji walikuwa wakilipinga. Ukatili ule siutetei. Ninachosema ni kwamba barabara ina wenyewe, na mwenye mbio ni mgeni anayepaswa kubisha hodi.

Wanyarwanda walipoandaa mashindano ya dunia ya barabarani ya mwaka 2025, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba, ya kwanza kufanyika Afrika, walifunga shule za Kigali kwa wiki nzima na watumishi wa serikali wakaambiwa wafanye kazi nyumbani. Watu walijua mapema. Mtu ataniambia kwamba ile ilikuwa serikali nzima, na sisi ni kamati ya watu saba. Sawa. Lakini nchi hiyohiyo ilianza na Tour du Rwanda mwaka 1988, mbio za kawaida zisizojulikana na mtu, na ilikuwa mwaka 2009 ndipo zilipoingia katika kalenda ya shirikisho la kimataifa. Walitambaa kwanza.

Na tena nani kasema sisi hatuna watu wa kusimama barabarani? Usukumani kuna sungusungu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hawa ni watu wanaojua kupeana habari kijiji hadi kijiji kwa filimbi na yowe, wanaijua kila njia ya ng'ombe inayokatiza lami, na mwenye ng'ombe huwasikiliza kuliko atakavyomsikiliza kijana wa mjini mwenye fulana ya njano. Kamati ingepeleka barua kwa watendaji wa vijiji vilivyo njiani, ikakaa nao baraza moja, ikachangia chai, ingepata watu 60 wenye filimbi. Wakakubaliana pia mnada ufunguliwe upande wa pili wa barabara kwa saa mbili. Lakini kwenda vijijini hakuna posho.

Sasa kuhusu kuahirisha kwenyewe. Si fedheha, wasikilizaji. Kule Cape Town, Afrika Kusini, kuna mbio za ridhaa za kilomita 109 ambazo huvuta makumi ya maelfu ya watu, na mapato yake huenda kwenye kazi za hisani. Mwaka 2015 moto wa msituni uliikata njia yao. Waandaaji wakazifupisha hadi kilomita 47. Mwaka 2017 upepo ulivuma mpaka watu wakaangushwa pamoja na baiskeli zao, na mbio zikafutwa asubuhi ileile huku baadhi ya makundi yakiwa yameshaondoka. Upepo, hayo ndiyo mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu. Ng'ombe wa kila Jumapili si upepo. Barua ya polisi iliyokaa mezani bila kujibiwa si moto wa msituni. Ndiyo maana nasema maneno yale ya kwenye kipaza sauti hayakuwa ya kweli, na kamati ingejistahi zaidi kama ingesema tu kwamba haikujiandaa.

Neno ridhaa, kwa wanaopenda lugha, maana yake ni kukubali kwa hiari. Yule kijana amekubali kwa hiari kushindana bila mshahara. Hakukubali kukutana na lori kwenye kona isiyo na mtu wa kulisimamisha. Hilo hakuulizwa.

Wala hakukubali kupoteza fedha zake. Hapa ndipo wengi wetu tuliocheka habari hii gazetini hatukutazama. Ada ya kushiriki ilikuwa Sh. 10,000 kwa kila mtu. Kwa watu 200 hizo ni Sh. 2,000,000, na hazijarudishwa. Kamati imesema "ziko salama na zitatumika tarehe mpya". Ila ada ndiyo ndogo kuliko zote. Nilizungumza na kijana aliyetoka wilaya ya mbali, baiskeli yake ikiwa imefungwa juu ya basi. Alilipa nauli yake, akailipia baiskeli kama mzigo, akalala gesti usiku mmoja, na kabla ya safari alikuwa amenunua mipira miwili mipya. Kazi yake ni kubeba abiria. Kwa hiyo siku tatu hakuingiza chochote. Alikuwa amekopa kwa matumaini ya zawadi ya tano, si ya kwanza. Alinieleza kwamba ya kwanza anaijua ni ya nani. Hesabu yake yote ilikuwa imekaa vizuri kuliko ya kamati.

Wanawake nao walikuwa 30 na kidogo. Wao waliambiwa wataondoka nusu saa baada ya wanaume, kwa hiyo walikuwa wamesimamishwa pembeni, mbali na hema, kwenye jua. Tangazo la kuahirishwa halikuwafikia kwa spika. Walijua mambo yameharibika walipoona viti vinapakiwa kwenye lori. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni na dada yake wa kumpokea. Aliniuliza swali ambalo nililipeleka kwa katibu wa kamati na ambalo halijajibiwa mpaka leo: tarehe mpya, nauli ya pili analipa nani?

Wapo watakaosema nikikosoa hivi wafadhili watakimbia na mchezo utakufa. Mfadhili aliyetoa fedha yake Jumapili ile alipata picha ya watu wenye hasira mbele ya bango lake. Huyo hahitaji mimi nimfukuze. Na wanaojua mchezo huu katika mikoa ya Ziwa wanajua kwamba vipaji havikosekani. Watu huku hukanyaga kilomita 40 kwenda kuuza mtama na kurudi siku hiyohiyo. Kinachokosekana ni watu wa kukaa na karatasi miezi mitatu kabla, kazi isiyo na makofi.

Kwa hiyo, kama kweli tarehe mpya itakuwepo, mambo machache yafanywe hadharani. Anayetaka Sh. 10,000 yake arudishiwe bila kuulizwa sababu. Kibali cha polisi kibandikwe ubaoni ofisi ya kata, kila mtu akisome, kabla ada mpya haijapokelewa. Hospitali iulizwe kama inaweza kutoa magari mawili, na kama haiwezi, njia ifupishwe iwe duara la kilomita 10 linalozungukwa mara kadhaa, ili hakuna atakayekuwa mbali na msaada. Hilo la duara, kwa maoni yangu, ndilo lingefaa tangu mwanzo: barabara ya kulinda ni fupi, watazamaji wanaona zaidi ya mara moja, na mama mwenye mtoto hahitaji kungoja utepeni saa tano. Mbio ziondoke saa 12 na nusu asubuhi, mgeni rasmi awepo au asiwepo.

Tarehe yenyewe imekwisha kutangazwa: wiki tatu kuanzia Jumapili ile, njia ileile ya barabara kuu. Nimetazama kalenda. Ni Jumapili nyingine ya mnada. Hadi jana jioni nilipopiga simu, ombi jipya la kibali lilikuwa halijafika polisi, na zile fulana 200 zilizochapwa tarehe ya zamani zilikuwa zimepelekwa kwa fundi, azibandike kiraka chenye tarehe mpya. Waliokwisha kulipa waulize kuhusu kibali kabla hawajapandisha baiskeli juu ya basi.